Maziwa na Tumbo: Kwa Nini Hatulingani?

Watu wawili wanakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, kutoka chungu kimoja. Mmoja analala vizuri. Mwingine tumbo linajaa hewa, linanguruma, linamkata, kisha anahara. Ndipo watu wanaanza kunong'ona: "Ametiwa sumu." Ujirani unavunjika, wala hakuna aliyetenda ubaya. Basi, ndugu na mama, tujifunze jambo hili vizuri.

1. Sukari ya maziwa

Ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktozi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 50 hivi; maziwa ya mama yana gramu 70 hivi. Sukari hii ni kama gogo: haiwezi kupita mlangoni na kuingia katika damu mpaka ipasuliwe vipande viwili. Mpasuaji wake ni kimeng'enya kiitwacho laktazi, nacho hutengenezwa katika ngozi laini iliyo ndani ya utumbo mwembamba.

Laktazi ikiwa nyingi, kazi inakwisha mapema. Ikiwa kidogo, laktozi isiyopasuliwa inashuka mpaka utumbo mpana. Huko inavuta maji, na vijidudu vinavyokaa humo vinaila na kutoa hewa. Maji huleta kuhara. Hewa huleta kuvimba na maumivu.

2. Kwa nini wengine wanaumwa na wengine hapana?

Mtoto mchanga ana laktazi nyingi, kwa maana maziwa ndiyo chakula chake. Anayezaliwa bila hiyo ni nadra sana. Lakini baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi laktazi hupungua kidogo kidogo. Katika dunia nzima, kama watu 2 kati ya 3 wako hivyo. Huu si ugonjwa wala laana.

Kwa wengine laktazi haipungui, kwa sababu wamerithi badiliko dogo kutoka kwa wazazi. Badiliko hilo huonekana sana katika jamaa zilizofuga ng'ombe na kunywa maziwa kwa vizazi vingi. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao, lisilo lile la watu wa Ulaya. Wote wawili hunywa maziwa bila taabu, ila kila jamaa ilipata njia yake.

3. Laktazi inayopungua kwa muda

Kuhara kukali, minyoo na utapiamlo huharibu ngozi ya utumbo, na laktazi hupotea pamoja nayo. Utumbo ukipona, kwa kawaida laktazi hurudi baada ya siku au majuma machache.

Mama, sikia neno hili: mtoto akihara, usimwondoe kwenye ziwa. Wengine watakuambia, "Maziwa yako yamekuwa mabaya." Si kweli. Endelea kumnyonyesha, mpe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na umlete hospitali. Mtoto anayenyimwa ziwa wakati wa kuhara anaweza kufa kwa kukosa maji na nguvu.

4. Tufanye nini?

Mtu mzima mwenye laktazi kidogo si lazima aache maziwa kabisa. Wengi wanaweza kunywa glasi moja bila shida kubwa, zaidi wakiinywa pamoja na chakula. Jaribu kidogo, kisha ongeza polepole.

Mashanza hufaa kuliko maziwa matamu, kwa sababu vijidudu vya kugandisha vimekwisha kula sehemu ya laktozi. Jibini ngumu, kama ile ya Masisi, ina laktozi kidogo sana.

Chemsha maziwa kwanza, hata ya kugandisha. Moto unaua vijidudu vya kifua kikuu na vya magonjwa mengine; lakini hauondoi laktozi.

Asiyeweza maziwa ale sambaza pamoja na mifupa yake, na majani ya mboga, ili mifupa yake ipate nguvu.

5. Angalia vizuri

Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana baada ya maziwa, hiyo si kazi ya laktozi. Mwili unayakataa maziwa yenyewe. Asiyanywe tena, aje hospitali upesi. Tena, ukiona damu katika choo, homa, kukonda, au mtoto mwenye macho yaliyodidimia, usingoje kesho.

Maswali

1. Laktazi inafanya kazi gani?
2. Kwa nini mashanza hayasumbui tumbo kama maziwa matamu?
3. Mtoto anahara. Je, mama aache kumnyonyesha?
4. Jirani ameumwa tumbo baada ya kunywa maziwa kwako. Utamweleza nini?