Hojaji na Usaili katika Kupima Unywaji wa Pombe: Tatizo la Lugha Nachingwea na Ruangwa

Hojaji ya maandishi na usaili wa ana kwa ana kwa kawaida hulinganishwa kwa kigezo kimoja: ni mbinu ipi inayomwezesha mtafitiwa kusema kweli bila haya. Kigezo hicho kina uzito mkoani Lindi, ambako Waislamu ni wengi na msaili aliye mwenyeji huenda akafahamiana na msailiwa. Hata hivyo, hakitoshi. Lugha ya swali huweza kupotosha jibu hata pale ambapo haya haipo.

AUDIT, hojaji ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 10, ilitokana na utafiti uliofanywa katika nchi 6, Kenya ikiwamo, na ilielezwa rasmi mwaka 1993. Swali lake la kwanza linahusu mtu hunywa mara ngapi. La pili, vinywaji vingapi kwa siku. Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za korosho. Uraka, yaani maji ya mabibo yaliyochachuka, hufuata msimu wa mavuno. Mnywaji wa msimu ajichague wapi kati ya “mara moja kwa mwezi au pungufu” na “mara nne au zaidi kwa wiki”? Kopo linalopokezanwa nalo lihesabiwe vipi? Nipa, inayopatikana kwa kukeneka uraka, ni kali zaidi, lakini kwenye karatasi vyote viwili ni “pombe” tu. Na huenda mnywaji wa uraka asiuhesabu kuwa pombe.

Katika usaili, msaili anaweza kuvitaja vinywaji hivyo kwa majina. Lakini kila msaili akifafanua kwa namna yake, alama hazilinganishiki tena. Isitoshe, sarufi yenyewe ina mtego. Hu- ya mazoea na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili umoja hazitofautiani kwa umbo, “wewe hunywa?” na “wewe hunywi?” hutenganishwa na irabu ya mwisho pekee, ambayo jicho huiona kwa urahisi kuliko sikio linavyoisikia. Aliyesikia “hunywi” akajibu “ndiyo” amekana. Msaili naye ataandika kwamba amekiri. (Swali la “kutumia dawa” lina utata mkubwa zaidi, kwani mgonjwa wa malaria naye hutumia dawa.)

Kwa hiyo majina ya uraka, nipa na tembo yaingizwe ndani ya swali lenyewe, msimu uulizwe kwanza, na “unakunywa” ishike nafasi ya “hunywa”. Matini hayo hayo yasomwe na msaili bila nyongeza. Hapo ndipo tofauti itakayobaki kati ya karatasi na mdomo itakapoweza kuhusishwa na haya.