Dondoo muhimu: Kugeuza ghala la kahawa kuwa mgahawa

Ghala la zamani la kahawa katika mji kama Nshamba, wilayani Muleba, hufaa kuwa mgahawa wa mtaa iwapo litakaguliwa kabla ya kupambwa.

1. Mwite mhandisi akague nyufa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipasua kuta nyingi mkoani Kagera, na plasta mpya huficha hatari tu.
2. Omba kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kugusa ukuta.
3. Usikate wala kutoboa paa la asbesto: vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.
4. Ziba paa na rekebisha mifereji kwanza. Kosa la kawaida ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Rangi hiyo hubanduka masika yakianza.
5. Ongeza madirisha.
6. Acha milango mipana ya magunia. Ndiyo uzuri wa jengo.
7. Weka dari, maana mvua ikipiga bati tupu wateja hawasikilizani.
8. Kaangia kahawa chumba cha pembeni chenye bomba la moshi.
9. Uza robusta ya hapohapo kwa bei anayoimudu mkulima, na usisahau kahawa ya kutafuna, ambayo Wahaya humkaribishia mgeni.