Mtoaji Damu na Amana Yake



Mgonjwa akilazwa naye ahitaji damu, jamaa zake huambiwa watafute watoaji. Hapo ndugu na majirani hukusanyika. Na huenda katika hao akawamo mtu ajijuaye kuwa hafai kutoa, lakini akaona haya kurudi nyuma mbele za watu. Basi akiulizwa maswali, hukana. Twapenda kulieleza jambo hili, kwani madhara yake ni makubwa.

Hapa kwetu Kenya, damu itolewayo sharti ipimwe maradhi manne kabla ya kutiwa mgonjwa: Ukimwi, homa ya ini ya aina B, homa ya ini ya aina C, na kaswende.

Huenda mtu akasema: "Ikiwa damu yote hupimwa, ya nini kutuhoji mambo ya siri?" Jawabu yetu ni hii: maradhi yakimwingia mtu hayaonekani papo hapo. Hupita siku, pengine wiki kadha, naye ameshaambukizwa na kipimo hakijaona kitu. Katika muda huo ngao ya mgonjwa ni ukweli wa mtoaji. Na mfuko mmoja wa damu huweza kugawanywa wakapewa wagonjwa watatu. Basi uwongo mmoja huweza kuwadhuru wote.

Na tuzingatie yaliyowapata wengine. Uingereza, tangu miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa Ukimwi na homa ya ini kwa damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu. Na kiasi cha 3,000 wamekufa. Baadhi ya dawa hizo zilitoka Marekani, ambako damu ilinunuliwa hata kwa wafungwa. Auzaye kwa shida ya fedha ana sababu ya kuficha; na aonaye haya ni vivyo hivyo.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tujibu kweli tuulizwapo. Pili, jamaa akirudi bila ya kutoa, tusimwulize sababu wala tusimfikirie vibaya. Tatu, tusingoje msiba. Twende tukatoe tukiwa na nafasi, asishurutishwe mtu. Wala mtoaji asihofu kuambukizwa: sindano ni mpya, hutumiwa mara moja ikatupwa.

Mgonjwa hajui damu yatoka kwa nani, wala hawezi kuuliza. Hiyo ndiyo amana. Aitoaye safi amefanya wema, na ajizuiaye kwa kumhurumia mgonjwa naye amefanya wema.