Somo: Kuwapokea Wenzetu Nyumbani Bila Deni

Ndugu wafanyakazi, kikao cha tawi kikifanyika nyumbani kwa mwenzetu kambini, mara nyingi yeye hukopa dukani ili asionekane mchoyo. Mwisho wa mwezi mshahara wake unaishia kwa mwenye duka. Ndiyo maana wengine wanakwepa zamu, na kikao kinakosa pa kukaa.

Basi tupige hesabu. Kilo 1 ya maharage makavu, yakilowekwa usiku kucha, yakiiva huzidi kilo 2, na yanatosha watu 10. Tena kuloweka kunapunguza makaa. Kila mgeni aje na kikombe chake cha unga. Hapa Uganda ugali tunauita posho, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliokuwa posho ya kibarua. Hakuna haya kuuchangia. Viti? Mkeka unatosha. Anayetaka bia akanywe baada ya kikao, kwa fedha yake.

Wanaume nasi tusikae tukihutubia huku mama mwenye nyumba yuko jikoni peke yake. Naye ni mchuma chai na mwanachama. Sufuria iwekwe motoni mapema, na wawili wa zamu, mwanamume na mwanamke, waiangalie.