SOMO LA FAMILIA: WAZEE WALIOKWENDA VITANI
Soma: Waamuzi 2:7-10, Yoshua 4:1-7



Waamuzi inatuonyesha jambo la kutisha. Wazee wa siku za Yoshua walipokwisha, watoto wao walikuwa kama watu wageni kwa habari za baba zao. Haikuhitaji miaka mingi.

Je, sisi tuliotoka Kongo tunazijua habari zetu? Wengi wetu tulifika Kigoma kwa mashua, tukikimbia. Mwezi wa Julai 1916 babu zetu wa Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji, waliingia Kigoma hiyohiyo kwa miguu, na tarehe 19 Septemba wakaitwaa Tabora mikononi mwa Wajerumani. Nyuma yao walikuwa wapagazi wenye mizigo kichwani. (Hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.) Wa vita ile hakuna aliyebaki duniani. Mwanajeshi wa mwisho aliyejulikana, mama Florence Green wa Uingereza, alifariki Februari 2012.

Vita ya pili nayo inafika mwisho wa mashahidi wake. Wakongo walipigana Ethiopia, na tarehe 3 Julai 1941 Waitalia walijisalimisha huko Saio. Wengine walipelekwa na hospitali ya vita hadi Burma. Mmoja wao, koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani na mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa, Juni 2022. Alikuwa na miaka 100, akitajwa kuwa wa mwisho aliyebaki.

Babu yangu alikuwa akitaja "Saio" kila alipokunywa chai jioni. Sisi watoto tulidhani ni jina la mtu, tukacheka. Hakuna aliyemwuliza. Alikufa, na nishani yake ilibaki ndani ya nyumba siku tulipokimbia. Leo najua Saio ni wapi kwa kusoma, lakini vitabu vinamtaja jenerali. Babu hayumo.

Mzee aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa vita vya Simba mwaka 1964, leo amepita 80. Wapo wachache kati yetu, na kila msimu wa mvua tunazika.

Lakini twende kwa upole. Mzee mwingine alitendewa maovu, mwingine aliyatenda. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mletee maji, rudi siku nyingine. Wala tusikusanye majina ya maadui ili kuwapa watoto chuki.

Maswali ya nyumbani:
1. Ni nani katika ukoo wenu alikuwa askari au mpagazi? Alikwenda wapi?
2. Yoshua aliweka mawe ili watoto waulize. Nyumbani kwenu kuna kitu gani kinachowafanya watoto waulize?
3. Kijana mmoja wa kila nyumba aje na daftari Jumapili ijayo, baada ya ibada. Tutaanza na wazee wagonjwa.