SOMO LA USALAMA: KUCHAGUA WAYA WA KUREFUSHIA UMEME WA MASHINE YA KUCHOMELEA

Wananchi wenye mashine za kuchomelea vyuma majumbani wanakumbushwa kwamba waya wa kurefushia umeme unaotosha redio na feni haufai kwa mashine hizo. Waya mwembamba hupata moto polepole, na harufu inaposikika huenda ganda lake limekwisha kuyeyuka. Kabla ya kununua waya, mambo yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, kisomwe kibandiko cha mashine. Kinachotakiwa ni ampea za umeme unaoingia, si zile za kuchomelea. Mashine inayochomelea kwa ampea 140 yaweza kuvuta ampea 20 au zaidi kutoka ukutani.

Pili, uangaliwe unene pamoja na urefu. Chukuliwe mfano wa ampea 20 zinazopita katika waya wa shaba wa mita 25. Umeme huenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 50. Waya wenye unene wa milimita za mraba 1.5 hupoteza takriban volti 12 kati ya 230, na wati zipatazo 230 hugeuka joto. Wenye milimita za mraba 4 hupoteza volti 4.4 tu, na joto lake halifiki wati 90. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo unavyopaswa kuwa mnene.

Tatu, waya uwe na nyuzi tatu, ukiwemo wa ethi wenye rangi ya kijani na manjano. Ethi ikikosekana na hitilafu ikatokea, bati la mashine huweza kushika umeme na kumuua anayeligusa.

Nne, waya uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, kwani joto hukusanyika ndani yake. Plagi zikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi ya visiwani hula maungio.

Tano, fyuzi ya plagi ya ampea 13 isitegemewe; yaweza kuchukua ampea 20 kwa muda mrefu bila ya kukatika. Mashine inayozidi ampea 13 ipatiwe njia yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyeidhinishwa. Fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara.

Mwenye shaka amwite fundi kabla ya kuwasha mashine.