Hibiskasi Katika Nchi za Baridi

Hibiskasi ni mti mdogo wa maua, ambao mara nyingi hupandwa uwe ugo wa nyumba. Ua lake ni pana, aghalabu jekundu, na katikati yake hutokeza kitu kama ulimi mrefu chenye unga wa manjano. Mti huu ni wa jamaa moja na mpamba na mbamia. Atakayelitazama ua la mbamia ataona kwamba maua hayo yafanana kama ndugu. Katika mwaka wa 1753 bingwa wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliupa jina la Kilatini, na sehemu ya jina hilo maana yake ni waridi la China.

Mahali penye joto, kama Mombasa, hibiskasi hustawi mwaka mzima. Lakini watu wa nchi za baridi nao huipenda. Mfano ni mji wa Chicago katika Marekani. Huko mwezi wa Juni mchana huwa wa saa 15, jua huwa kali, na hibiskasi huchanua nje ya nyumba. Mwezi wa Desemba mchana hupungua hata ukawa wa saa 9 tu, kisha theluji huanguka na maji huganda.

Mwili wa mmea umefanyika kwa vijumba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo vimejaa maji. Usiku wa sakitu, yaani umande ulioganda, maji ya mmea huwa barafu na kuviharibu vijumba hivyo. Asubuhi majani huwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kwa sababu hiyo wenyeji huipanda hibiskasi katika vyungu, wapate kuihamisha.

Mtunzaji mwenye busara hangoji sakitu. Mara baridi ya usiku inapokaribia digrii 10 za sentigredi, huosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, asije akaingiza vidukari na utitiri nyumbani. Kisha hukiweka chungu karibu na dirisha linaloelekea kusini, kwa kuwa katika nchi za kaskazini jua la wakati wa baridi hupita upande huo.

Baada ya siku chache majani hugeuka manjano na kupukutika. Hapo ndipo wengi hukosea. Mathalani, majirani wawili wameingiza hibiskasi zao siku moja, na zote mbili zimeanza kupukutika. Wa kwanza aona huruma, adhani mti wake una kiu, aumwagia maji asubuhi na jioni. Wa pili kwanza atia kidole katika udongo. Akiuona una unyevu, hauongezi maji. Mwisho wa baridi mti wa kwanza umeoza mizizi, na wa pili uhai.

Sababu ni hii. Majani ndiyo yanayopeleka maji hewani, na mwanga ndio unaoyapa nguvu ya kufanya kazi. Majani yakiwa machache na mwanga ukiwa haba, mizizi hunywa kidogo. Maji yanayozidi hukaa chunguni na kuifukuza hewa ya udongoni. Nayo mizizi isiyopata hewa huoza. Hivyo mti uliookolewa na baridi huuawa na maji.

Akiwa na shaka kama mti ungali hai, mtunzaji hukwangua gome kidogo kwa ukucha. Akiona rangi ya kijani chini yake, tawi hilo ni zima. Mti uliopumzika si mti uliokufa.

Mwezi wa Machi mchana hurefuka, na machipukizi huanza kutokea. Ndipo mtunzaji hupunguza matawi, hutia udongo mpya na mbolea, na huongeza maji kidogo kidogo. Mwezi wa Mei, sakitu ikiisha na usiku ukiwa na joto la kutosha, mti hutolewa nje. Lakini hautolewi kwa ghafula juani, kwa maana majani yaliyozaliwa ndani ya nyumba ni laini na huungua. Kwanza hukaa kivulini saa chache, na kila siku huzidishiwa jua, kwa muda wa wiki moja au mbili.

Basi, wema peke yake hautoshi. Sharti uende pamoja na maarifa. Jirani wa kwanza hakukosa upendo, bali hakuuchunguza udongo. Tena, subira yavuta heri.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Chicago huipanda hibiskasi katika vyungu?
2. Sakitu huudhuru mmea kwa njia gani?
3. Eleza kwa nini mti wenye majani machache hauhitaji maji mengi.
4. Mtunzaji hujuaje kwamba tawi lisilo na majani lingali hai?